Kona Iliyobaki Udongo

Mpira huu naujua kwa vidonda vyake.
Nane nimeviziba mimi, kwa solusheni na kiraka,
chini ya turubai langu hapa Kikombo, njia ya stesheni.
Mbigiri wa uwanja wetu hauna likizo,
na mimi, kusema kweli, sikuwahi kuulaani.
Mwiba wa wenzangu, unga wangu.

Ijumaa Chedego kashuka na Fuso la kukodi,
magunia ishirini ya vigae vya plastiki,
bluu na chungwa, vya kukamatana meno,
kavinunua mnadani mjini, mali ya ukumbi uliofilisika.
"Sakafu ya kuhamishika," akasema, akipandisha suruali.
"Kesho tunacheza kama watu."
Yudithi, nesi wa zahanati, akamtazama:
"Kwani jana tulicheza kama nani?"

Haikuwa kazi ya kutandika mkeka.
Ardhi ya huku inadanganya macho;
ukiiona tambarare, imwagie maji ikuonyeshe inakoelekea.
Tukajaza maji mpira wa bomba,
Nyemo huku, Lechipya kule:
"Pandisha! Shusha! Usipumue, maji yanacheza!"
Tukakwangua kichuguu,
tukaziba shimo kwa mchanga wa korongo,
tukashindilia mpaka mikono ikakataa kushika kikombe.
Nikapima kona kwa kamba: tatu, nne, tano,
hesabu pekee iliyonifuata kutoka darasa la saba.

Kisha vigae. Ta. Ta. Ta.
Watoto walituzidi kasi,
wakiruka kwa visigino mpaka kila kigae kimng'ate jirani yake.

Saa sita, jua utosini,
katikati ya sakafu kukainuka mgongo
kama ng'ombe anayetaka kuamka.
Tulikuwa tumeibana kwa matofali pande zote nne.
Yudithi akaondoa ya upande mmoja, bila kumuuliza mtu,
"Bandeji ikikaza, mguu unavimba,"
na sakafu ikashusha pumzi, ikalala.

Kufika kona ya mashariki, vigae vikaisha.
Kumi na moja pungufu. Tukahesabu tena.
Kumi na moja.
Chedego akamtukana dalali, kwa Kigogo kwanza,
kisha kwa Kiswahili, ili na mwenye Fuso aelewe.
Kona ikabaki udongo,
nyekundu, kama goti lililochunika.

Nguzo tuliziazima shamba la zabibu la kina Malogo,
tukazisimika ndani ya matairi yaliyojaa zege.
Matairi yangu, sijalipwa.
Upepo wa Agosti ukaushika wavu
kama mtu anayekamua nguo.

Vumbi lilikuwa limeshaketi juu ya bluu.
Nyemo akaruka kupiga, akatereza hadi chini ya wavu,
akabaki amekaa, akigeuza viganja,
huku na huku.
Hakuna damu. Hakuna mwiba.
Akaanza kucheka peke yake.
Tukapiga deki kwa gunia bichi, tukaanza upya,
na kwenye kona ile, kwa kuwa hakuna aliyeitaka,
nikasimama mimi, peku.

Usiku mbuzi walipita juu ya sakafu.
Nilisikia kwato zao kutoka kitandani,
ta, ta, ta,
nikadhani watoto wamerudi kazini.

Jumatatu ni siku ya gulio, uwanja unatakiwa na wenye nyanya.
Tukaing'oa, tukahesabu tukirudisha magunia:
kumi na mbili pungufu.
Mchana nilipita kwa mama yake Lechipya, kiu imenishika.
Kigae kimoja, cha chungwa, kimefunika ndoo,
jiwe dogo juu yake kwa ajili ya upepo.
Kimeenea sawasawa.
Nikanywa. Nikashukuru. Nikaenda zangu.

Mpira uko hapa, nimeubonyeza asubuhi na jioni.
Siku ya tatu, mgumu kama tikiti.
Solusheni inakauka kwenye kopo.
Jumamosi tunatandika tena; kamba ninayo mimi,
na ufagio pia wameniachia.

Kona ile, ukitaka kujua,
sikuifagia.